Samaki wa Boksi na Uongo wa Mezani

Haya wapenzi, mwezi huu nataka tuongelee neno moja dogo sana ambalo limeharibu mitoko mingi kuliko hata meseji za usiku wa manane. Neno lenyewe ni "kizuri". Mhudumu anakuja mezani, anainama kidogo, anauliza, "Chakula kikoje?" Wewe mdomoni una kitu unakitafuna tangu taarifa ya habari ianze, ubavu wako naye anakisukuma kipande cha samaki kutoka pembe hii ya sahani mpaka ile, halafu wote wawili kwa pamoja, kama watoto wa chekechea mbele ya mwalimu: "Kizuri!" Mhudumu anaondoka roho kwatu. Mnalipa, mnatoka. Mkishafika kwenye gari ndiyo manung'uniko yanaanza, na cha ajabu hamumnung'unikii mpishi, mnanung'unikiana ninyi kwa ninyi. "Si wewe uliyetaka kuja hapa?" "Si wewe uliyesema umechoka kula nyumbani?" Mwenye mgahawa hayupo. Yeye ameshapokea mshiko wake, anahesabu.

Hili limenikuta juzi juzi tu, ndiyo maana naliongelea kwa uchungu. Baba Naima, mume wangu, si mtu wa mitoko. Mwaka juzi kazini kwao walipunguza watu na yeye akawemo. Alikaa nyumbani miezi minane, na mwenye mume aliyewahi kukaa nyumbani miezi minane anajua nasema nini. Mwanaume mzima anaanza kuomba ruhusa ya kuongeza sukari kwenye chai. Alipopata kazi nyingine akajiunga na mchezo na wenzake wa ofisini, na zamu yake ya kupokea ikaangukia wiki ileile ya kumbukumbu ya ndoa yetu, mwaka wa kumi na mbili. Hakununua simu. Hakutengeneza gari, ambalo mlango wa nyuma tunaufungia kwa kamba. Akaniambia, "Mama Naima, Jumamosi vaa vizuri, nakupeleka kula samaki."

Sasa uelewe uzito wa maneno hayo. Mimi ni mtoto wa Kilwa Kivinje. Marehemu mama alikuwa akikaanga samaki barazani kwetu, na kabla sijajua kusoma nilikuwa najua changu wa leo na changu wa jana. Yeye ni mtu wa Singida, na wakati anakua samaki alifika kwao kwa gunia, amekauka kama gome. Miaka kumi na miwili huyu bwana anakula samaki kwa ajili yangu, na mwiba bado unampa kazi. Kwa hiyo aliposema ananipeleka kula samaki, alikuwa ananiambia, "Nakujua wewe ni nani, na mfukoni nimerudi." Mtoko gani tena unaushinda huo?

Mgahawa wenyewe sitautaja, wala msihangaike kubahatisha. Ni ile ya matawi. Ukikaa tawi la hapa Dar au la nchi ya mbali, kiti ni kilekile, picha ya mashua ukutani ni ileile, na hata kijana anayekukaribisha mlangoni anasema sentensi ileile kwa tabasamu lilelile. Upo ndani ya jengo la maduka, ghorofa ya juu. Darini wametundika nyavu za mapambo ambazo hazijawahi kulowa maji tangu zizaliwe. Kiyoyozi kilikuwa kikali mpaka nikawaza labda na wateja tunahifadhiwa tusiharibike.

Tukapewa menyu, kubwa, ya kung'aa, imefunikwa plastiki, kila chakula kina picha yake. Baba Naima hata hakuifungua. Alishaamua kutoka nyumbani: sahani ya wawili, laki moja na nusu. Mimi kwa mazoea ya kwetu nikamuuliza kijana aliyetuhudumia, "Kaka, leo ameingia samaki gani?" Akanijibu kwa heshima zote, "Vyote vipo, mama."

Jibu hilo likumbukeni, nitalirudia.

Chakula kilikuja baada ya dakika nane. Jamani, mkaa wenyewe haujashika moto kwa dakika nane! Kikawekwa katikati ya meza na kwa macho kilikuwa bomba kwelikweli. Kambakochi aliyepasuliwa katikati, mwekundu kama lipstiki. Kamba kumi na wawili kwenye kijiti. Ngisi wa mviringo waliovikwa unga. Kipande cha samaki mweupe, kome, chipsi, na wali wa njano. Juu ya vyote, sosi ya siagi na kitunguu saumu, imemwagwa bila ubaguzi.

Nikaanza na ngisi. Nilitafuna, nikatafuna, nikapumzika, nikatafuna tena. Kamba nao walikuwa wamevimba vizuri, lakini ukimng'ata mmoja anatoa maji kama sponji, halafu nyama inabaki laini kama uji, haina utamu wala chumvi ya bahari. Kambakochi alikuwa amekauka mpaka nyama imeng'ang'ania gamba, ukiivuta inakuja nyuzi nyuzi. Na yule samaki mweupe, mh! Hakuwa na mfupa, hakuwa na ngozi, hakuwa na kabila. Hadi leo sijui nilikula nani. Chipsi ndizo zilizokuwa nzuri, tuseme ukweli wa Mungu.

Nilipoinua macho nikakuta Baba Naima hajagusa kitu. Alikuwa ananiangalia mimi. Amekaa vile anavyokaa mtoto aliyekuletea mchoro wake, anasubiri useme.

"Unakionaje?"

Shosti, hapo ndipo penyewe. Wengi wenu mngesema "kizuri" na mngemalizia sahani kwa kumeza bila kutafuna, na ninawaelewa. Nikisema kibaya, nampiga kofi mtu aliyechanga miezi kadhaa. Nikisema kizuri, namdanganya siku ya ndoa yetu, na tena mwakani atanileta hapahapa kwa hela zilezile. Nikamwambia, "Baba Naima, nimefurahi kukaa hapa na wewe kuliko unavyojua. Ila huyu ngisi hawezi kutafunika, na kamba hawa wana maji tu. Onja."

Akaonja. Akatafuna muda mrefu. "Mbona viko sawa," akasema, na uso ukajifunga. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Kula hivyohivyo, watu wanatuangalia."

Hakuna aliyekuwa anatuangalia. Meza ya pili kulikuwa na kijana na binti wanapiga picha sahani yao.

Kijana mhudumu akarudi na swali lake. Kabla sijafungua mdomo Baba Naima akadaka, "Kizuri sana." Nikasema taratibu, "Kaka, wewe huna kosa lolote. Naomba uniitie meneja."

Meneja alikuja. Kijana mtanashati, suti, kadi shingoni. Akanipita, akamsalimia mume wangu: "Mzee, kuna tatizo?" Yaani mimi ndiye niliyeita, lakini anayeulizwa ni mzee, kwa kuwa mzee ndiye mwenye pochi. Nikamwomba anisikilize mimi. Nikamweleza, bila kupandisha sauti, ngisi wako vipi, kamba wako vipi. Akasikiliza, akatikisa kichwa, kisha akasema maneno ambayo nimeyafikiria sana tangu siku ile: "Mama, hii ndiyo standadi yetu. Matawi yote iko hivi."

Na alikuwa anasema kweli!

Akatupa aiskrimu mbili za bure. Nikamshukuru, nikamwambia aiskrimu sikuagiza, naomba ngisi na kamba watolewe kwenye bili. Akaenda kupiga simu sijui kwa nani, maana inaelekea meneja mwenyewe hana mamlaka ya kufuta ngisi. Baada ya robo saa akarudi, wakatutolea elfu thelathini na mbili. Muda wote huo Baba Naima anachezea chumvi.

Kutoka pale mpaka Tabata hatukusemezana. Tulipofika nyumbani, watoto wamelala, ndiyo akasema, "Umenidhalilisha." Nikamuuliza, nimekudhalilisha vipi, mimi nimemlalamikia mpishi. Akanyamaza. Halafu likatoka lililokuwa moyoni: "Ukisema chakula kibaya, mimi nasikia nimeshindwa tena." Neno ni hilo "tena". Miezi minane ya kukaa nyumbani imejikusanya ndani ya neno moja. Nikamwambia kitu ambacho nawaombeni na ninyi mkiweke akilini: zawadi ni yako, samaki ni wao. Zawadi nimeipokea kwa mikono miwili. Samaki ndiye niliyemrudisha jikoni.

Sisemi kwamba tulikumbatiana kama kwenye filamu za Kinaijeria. Alilala amenipa mgongo. Mambo ya namna hii hayaishi usiku mmoja, na anayekuambia yanaisha hajaolewa.

Sasa turudi kwenye standadi ya meneja, maana hapo kuna elimu. Mgahawa wa matawi unauza ahadi moja tu: utakachokula leo hapa ndicho utakachokula kesho kwingine. Kwa kuku na chipsi ahadi hiyo inawezekana, kuku wanafugwa, wanakua kwa kalenda. Bahari haina kalenda ya ofisini. Kwetu Kilwa tunajua pweza ni wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na mwamba unabaki wazi, wanawake wanashuka na mikuki. Maji mafu yakifika, pweza wanaadimika. Wavuvi wa dagaa wanataka usiku wa giza taa zao zifanye kazi, mwezi ukiwa mpevu wengi wanapumzika. Kusi ikivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, mashua ndogo hazitoki kila siku. Kwa hiyo mtu anayeuza samaki wa bahari kwa uaminifu, lazima kuna siku atakuambia "leo hakuna". Menyu ya plastiki haiwezi kusema "leo hakuna". Kila picha lazima iwe na sahani yake, Januari mpaka Desemba, na njia pekee ya kulifanya hilo ni friza na maboksi. Ndiyo maana jibu la "vyote vipo" linapaswa kukushtua. Kwa muuza nguo ni sifa. Kwa muuza samaki ni onyo.

Lakini tusiwe wachoyo wa haki. Migahawa hii ilianza na wazo zuri. Ule maarufu kuliko yote Marekani, Red Lobster, ulifunguliwa mwaka 1968 na bwana mmoja anaitwa Bill Darden katika mji wa Lakeland, Florida, na Lakeland hauko ufukweni. Upo bara, una maziwa yake tu. Walengwa walikuwa watu wa mbali na maji, akina Baba Naima wa kule, familia ya kawaida ambayo isingesafiri mpaka pwani kula kambakochi. Kuwapelekea hao samaki waliogandishwa ilikuwa ni kuwafungulia mlango. Kampuni kubwa ya vyakula, General Mills, ikaununua mwaka 1970 na matawi yakaenea nchi nzima.

Yaliyofuata yanafaa kusimuliwa kwa sababu yanaonyesha sahani yako inavyoweza kuharibiwa na watu ambao hawajawahi kuingia jikoni. Mwaka 2003 walitangaza ofa ya kaa, kula mpaka ushindwe. Wateja hawakushindwa! Walikula raundi baada ya raundi, kampuni ikaingia hasara, na rais wake akaondoka mwaka huohuo. Ungedhani somo limeingia. Mwaka 2014 mgahawa ukauzwa kwa kampuni ya uwekezaji, Golden Gate Capital, kwa dola bilioni 2.1, na papo hapo viwanja na majengo ya mamia ya matawi yakauzwa kwa dola bilioni 1.5 kwa kampuni nyingine. Yaani kuanzia hapo mgahawa ukawa mpangaji kwenye nyumba iliyokuwa yake. Kodi ya pango haijali kama leo umeuza au hujauza, na hati za mahakamani baadaye zilieleza kwamba sehemu kubwa ya pango hizo ilikuwa juu ya bei ya soko. Kisha Thai Union, kampuni ya Thailand ambayo ni kati ya wauzaji wakubwa wa vyakula vya baharini duniani, nayo ikaingia kwenye umiliki. Anayekuuzia kamba akiwa ndiye mwenye duka lako, dada, nani atasema kamba hawa hawafai?

Mwaka 2023 ofa ya kamba wasioisha, ambayo zamani ilikuwa ya msimu tu, ikafanywa ya kudumu kwa dola 20. Watu wakajaa, meza hazikupata nafasi ya mteja mwingine, na kampuni yenyewe ikaja kueleza mahakamani kwamba ofa hiyo iliitia hasara ya dola milioni 11. Mei 2024 wakafunga matawi kwa makumi, wakaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Wenye akili za mahesabu wanasema kamba peke yao wasingeuangusha mgahawa mzima, mzigo mkubwa ulikuwa pango na uendeshaji mbovu, na mimi naafikiana nao. Septemba 2024 wakatoka kwenye ufilisi chini ya wamiliki wapya, na uongozi akapewa kijana wa miaka 35, Damola Adamolekun, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Na ile ofa ya kudumu ya kamba wasioisha ikaondolewa.

Nimewapa kisa hicho, ambacho hakihusiani na mgahawa wetu wa Jumamosi, kwa sababu moja. Hela ikishabanwa juu, inatafutwa chini, na chini kabisa ni sahani. Watapunguza mpishi mmoja. Mafuta ya kukaangia yatabadilishwa siku mbili mbele ya siku yake. Kamba watanunuliwa wale waliotiwa dawa za kuvuta maji ili wapime kilo nzuri, na hao ndio wanaovimba kama wangu na kutoa maji kikaangoni. Hakuna aliyekusudia kukulisha vibaya. Kila mmoja aliokoa shilingi kidogo, na shilingi zote hizo wewe ndiye unayezitafuna.

Na hapa niseme jambo litakalowaudhi wenzangu wa pwani: friza si adui. Samaki aliyegandishwa vizuri, mara tu baada ya kuvuliwa, anaweza kumshinda kwa mbali huyo wa "freshi" aliyezunguka jua zima kwenye beseni. Pweza ndiyo kabisa, kumgandisha kunamlainisha, wengine wanafanya hivyo makusudi badala ya kumpiga. Ubaya unaingia kwenye kuyeyusha haraka haraka kwa maji ya moto, kugandisha tena, na kupika bila akili. Ngisi ana sheria rahisi sana: dakika mbili tatu kwenye moto mkali, au umchemshe polepole kwa muda mrefu. Katikati ya hapo ni raba. Na kamba, kichwa chake kina vimeng'enya ambavyo akishakufa vinaanza kulainisha nyama ya mkia, kwa hiyo asipowekwa barafu upesi au kichwa kisipotolewa, anakuwa uji hata ukimpa mpishi wa ikulu. Akinuka kama dawa ya kusafishia choo, usile, wala usione aibu. Harufu hiyo limau haliiondoi.

Tukirudi kwa wapenzi. Nimegundua mtokoni tunagawana kazi bila kuambiana: aliyelipa analinda chakula, aliyelipiwa analinda hisia za aliyelipa. Basi wote wawili mnakuwa mawakili wa mgahawa, bure kabisa. Kwa wanaume inakuwa ngumu zaidi, maana mwanaume wetu amefundishwa kwamba kulalamikia chakula hotelini ni dalili ya kuishiwa. Ukirudisha sahani watu watadhani huna hela ya bili. Kaka yangu unayesoma hapa, ni kinyume. Mwenye hela yake hasumbuki kuuliza imekwenda wapi. Na wewe dada, usimtumie mhudumu kumpiga mumeo. Nimewaona wanaofanya hivyo, mtu anamwambia kijana wa watu, "Ningejua tungeenda kule nilikosema mimi," huku anamtazama mumewe. Hapo hulalamikii samaki.

Mimi na Baba Naima tumekubaliana hivi, imetuchukua wiki mbili kufika huko. Kabla ya kuagiza, mmoja anauliza leo kimeingia nini. Chakula kikija, wote tunaonja kwanza bila kusema kitu, halafu kila mtu anasema lake kwa sauti ya kawaida. Kikiwa kibaya, anayeongea na mhudumu ni yule ambaye hakulipa, ili mwenye pochi asionekane anakwepa bili. Tunaongea mapema. Ukishakula robo tatu ya sahani huna kesi. Kijana anayeleta sahani hatumgombezi kamwe, mshahara wake hautoshi kubeba makosa ya friza, na bahshishi yake tunampa palepale. Kijana wa siku ile alipata yake. Alituangalia akasema kwa sauti ya chini, "Asante mama, hata sisi tunajua," akakusanya vyombo.

Hata wao wanajua. Wapishi wanajua, wahudumu wanajua, meneja anajua. Asiyejua ni yule wa ofisi kuu anayesoma ripoti, kwa sababu kila meza imejibu "kizuri".

Kuna wanaoniuliza sasa twende wapi. Hilo si kazi ya ukurasa huu, lakini kwa wa Dar nitasema moja. Soko la samaki la Feri, pale Magogoni, lipo, na asubuhi mashua zinaposhusha dalali anaita bei mbele ya macho yako. Ni kelele, ni matope, viatu vya mtoko viache nyumbani. Chagua mwenye macho angavu yaliyotokeza, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Vijana watakuparulia magamba kwa hela kidogo, na wakaangaji wapo hapohapo kama hutaki kubeba. Kwa laki na nusu utalisha ukoo. Sisemi kila mtoko uwe Feri, wanawake na sisi tunapenda kukaa penye vitambaa vya meza na kumulikwa na mshumaa. Ila ukishaujua uso wa changu wa leo, hakuna menyu ya picha itakayokudanganya.

Baba Naima anasema mwakani atanipeleka kula mbuzi. Huko Singida ndiye mwenyeji, na nimemwambia nami nitamsubiri mhudumu aje na swali lake tuone nani atakuwa wa kwanza kuita meneja.

Haya, mwezi ujao tutaongelea bili ya watu ambao bado hawajaoana: nani alipe, na mkichangia nusu kwa nusu, je, bado ni mtoko au ni kikao? Kina kaka, naona mmeshaanza kukohoa.